Nilivyopiga Chapa Vitabu vya Mwalimu Guyo

Siku mliyoniaga mlileta keki, na juu yake fundi akaandika, "Kwaheri Mama Habana." Jina langu ni Habona. Nilinyamaza kwa kuwa keki ilikuwa tamu, lakini nyinyi ni wafanyakazi wa maktaba, na nilitarajia kwamba angalau mmoja wenu angeisoma kabla ya kuikata. Mlipomaliza kula mkaniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. "Lakini yasiwe marefu, Mama," mkasema. Haya. Yatakuwa marefu kidogo.

Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache na havikuwahi kubadilisha kiti nilichokalia. Nitawasimulia habari za Mwalimu Guyo, yule mzee mnene anayekuja Jumanne na fimbo yake nyeupe akauliza ni nani tena amesogeza meza. Nyinyi mnamjua kwa vitabu vyake, cha watoto rafu hii na cha wakubwa rafu ile. Mimi nilivijua vikiwa bado vipele tu kwenye karatasi nene.

Nilianza kazi nikiwa msichana kutoka Wenje, najua kupiga chapa na sijui kitu kingine chochote. Mkubwa wa maktaba alikuwa Bwana Salim, mzaliwa wa Kipini. Kiswahili alikinyonya kwa mamake, na sisi tuliokiokota shuleni na sokoni alituvumilia kama mwenye nyumba anavyowavumilia wapangaji. Asubuhi ya kwanza nilisimama mbele yake nikasema, "Nimekuja kuripoti kazi."

Akanitazama juu ya miwani. "Kazi imekukosea nini hata uiripoti?"

Kisha akanipa kitambaa nifute vumbi. Nilifuta vumbi mpaka nikadhani taipureta niliyoahidiwa ilikuwa hadithi.

Haukupita muda Mwalimu Guyo akaingia. Alikuwa amefundisha shule ya upili miaka mingi na kila mtu hapa Garsen alimjua isipokuwa mimi. Surua ilimpofusha akiwa mtoto mdogo huko malishoni, ndugu zake wakiwa wafugaji wa Kiorma kama babu zao, akapelekwa shule ya wasioona mbali huko bara, akarudi na elimu na maneno mengi. Siku hiyo alikuwa na gunia begani. Akalitua juu ya kaunta, likatimua vumbi lote nililokuwa nimetoka kulifuta.

"Nina kitabu humu," akasema. "Natafuta mtu wa kukipiga chapa."

"KARIBU MWALIMU!" nikamwitikia kwa sauti tunayoitia mtumbwi ulio ng'ambo ya mto.

Akarudi nyuma kidogo. "Dada, kilichokufa ni macho. Masikio bado nayahitaji."

Bwana Salim alicheka mpaka akavua miwani. Hapo hapo akaamua kwamba kazi ile ni yangu.

Tulifanya hivi. Mwalimu aliandika nyumbani kwa mashine yake ya breli, ile yenye vibonye sita na uzito wa mbuzi wa kuchinjwa. Akija maktaba alitandaza karatasi mezani, akapitisha vidole na kusoma kwa sauti, nami nikapiga chapa. Vidole vyake vilikuwa na haraka kuliko vyangu, naye hakujua kungoja. Taabu nyingine ilikuwa mlango. Garsen nzima ilipita mlango ule, na kila aliyepita alisalimiwa. Kwa kuwa sauti ya kusoma na sauti ya kusalimu ilikuwa moja, nami nilikuwa nafukuzana na maneno bila kufikiri, tulipata kurasa zenye sentensi kama hii: "Ndama akatia mguu majini, maji yakamfika magotini, aleikum salaam Shekhe, mgonjwa anaendeleaje."

Niliposomewa hiyo na Bwana Salim nilitamani sakafu ipasuke. Mwalimu Guyo akasema, "Iache kidogo. Ndama naye ana haki ya kusalimia watu."

Baadaye nilimwomba anifundishe breli ili nisiwe nakimbizwa. Nilijifunza, lakini mpaka leo naisoma kwa macho, vidole vyangu havisikii kitu. Alikuwa akinisimanga kwa hilo. "Dada Habona," alisema, "wewe husomi, unachungulia." Basi hapa niwape la kazi: vitabu vya breli havilazwi kimoja juu ya kingine. Uzito huviponda vipele, na msomaji akigusa anakuta ukurasa mtupu. Visimamisheni rafuni, wala msivibane. Nimewaona mkivirundika pale nyuma ya mlango kama magunia ya mahindi. Nilikuwa nimebakiza siku chache za kazi nikaona nisigombe.

Kitabu chenyewe kiliitwa Ndama wa Upande wa Pili. Ndama wa wafugaji anachukuliwa na maji ya mafuriko, anatupwa ng'ambo kwenye mpunga wa wakulima, na msichana aliyekwenda kuwinga ndege wasile mpunga anamkuta amekula theluthi ya shamba. Mnazijua pande zetu. Ng'ombe ndani ya shamba si jambo dogo hapa, watu wameumizana kwa hilo. Nilipofika ukurasa ule nikaacha kupiga. Nilimwambia mimi ni mtoto wa wakulima, Mpokomo wa mtoni, na babangu angekisoma kile kitabu akiwa na jembe mkononi.

"Na babangu angekisoma akiwa na mkuki," akasema. "Ndiyo maana nimekiandikia watoto. Endelea."

Tukaendelea. Wachapishaji wa Nairobi wakakipenda. Baada ya miezi wakatuma bahasha yenye michoro pamoja na jalada, nikaitwa nimweleze Mwalimu kilichochorwa. Nilianza kwa furaha.

"Kuna ng'ombe wamesimama kando ya mto, Mwalimu. Wazuri."

"Ng'ombe gani?"

"Wana mabaka meusi na meupe."

"Nundu?"

"Hawana."

"Pembe?"

"Sizioni."

"Kiwele?"

"Kikubwa. Kinakaribia kugusa nyasi."

Akashika kichwa. "Dada, hao ni ng'ombe wa baridi ya Kiambu! Wakifika hapa wakapigwa na jua la Bangale watakufa ukurasa wa tatu, na mimi hadithi yangu ina kurasa thelathini!"

Tulicheka sote watatu, Bwana Salim akiwamo. Kicheko kiliisha nilipofika kwenye jalada. Chini ya jina la kitabu walikuwa wamechora mzee mwenye miwani myeusi amenyoosha mikono mbele kama anayetafuta ukuta, na juu yake maneno: "Hadithi ya mwandishi kipofu aonaye kwa moyo." Nikamsomea. Mwalimu alikunja fimbo yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kwa moyo," akasema mwishowe. "Moyo wangu ungeona, ningeutuma sokoni." Kisha sauti ikabadilika. "Habona, nikiandika kitabu kibaya watasema, msameheni, kipofu yule. Nikiandika kizuri watasema, hebu oneni, na ni kipofu! Sasa hicho kitabu watakisoma lini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita Habona bila dada, nikajua imemwuma.

Bwana Salim akapiga simu Nairobi. Ng'ombe wangebadilishwa bila shida, wakasema, lakini maneno ya jalada ndiyo yatakayouza. Bila hayo, huenda kitabu kikangoja mwaka mwingine, au kisitoke kabisa. Mwalimu akasema kisitoke. Bwana Salim, ambaye alikuwa amerekebisha Kiswahili cha kitabu kile mstari kwa mstari na kugombana na mwandishi kila mkato, alikaa chini kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inavunjwa.

Mhariri aliyeshughulikia kitabu, Bi. Njeri, alikuwa binti mpole mwenye msimamo. Akaja mwenyewe Garsen kuzungumza. Mwalimu alimsikiliza, kisha akampa wazo: twende mahali ambapo watoto hawamjui, kitabu kisomwe bila kutajwa mwandishi, halafu waulizwe. Nikapendekeza kwetu, Wenje, ambako nilimjua mwalimu mkuu na nilijua pia kwamba watoto wa pale hawasifu kitu kwa ajili ya kumfurahisha mgeni.

Tulifika asubuhi. Darasani walichanganyika watoto wa mashambani na wachache wa wafugaji waliokuwa wamehamia karibu. Mwalimu Guyo aliketi nyuma kabisa, fimbo imekunjwa mfukoni, kimya kama mkaguzi. Mimi nikasoma. Ndama alipoingia kwenye mpunga, upande mmoja wa darasa uliguna, upande mwingine ukacheka, kisha waliocheka wakatazamana na walioguna, na kwa kitambo nilitamani nikunje karatasi. Nikaendelea kusoma. Mamba alipotokeza, wote wakawa upande mmoja.

Nilipomaliza Bi. Njeri akauliza, "Mnadhani aliyeandika hadithi hii ni mtu wa namna gani?"

"Ni mwanamke," akasema mmoja. "Anajua kupika."

"Ni Mpokomo. Anajua kuwinga ndege."

"Wacha wee! Ni Muorma. Ni nani mwingine anajua ndama akipotea analia vipi?"

"Ni mtu mwembamba," akasema mwingine kwa uhakika. "Mtu mnene hawezi kuwaza mbio hivyo."

Kule nyuma nilisikia mtu anakohoa.

Bi. Njeri alingoja, lakini hakuna aliyesema lile alilolitarajia. Ndipo akawaambia mwandishi yuko humu ndani, Mwalimu akainuka, akakunjua fimbo, akaja mbele akigusa madawati. Nilidhani sasa yatakuja yale maswali ya huruma. Msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono, kisha akakumbuka haitasaidia, akasema tu:

"Mwalimu, kwa nini yule ndama hukumrudisha kwa mamake?"

"Alirudi," Mwalimu akajibu. "Ni kwamba kitabu kilikuwa kimeisha."

"Basi si ungeongeza ukurasa?"

Darasa zima likamuunga mkono. Mwalimu Guyo, ambaye Bwana Salim hakuwahi kumwondolea hata mkato mmoja bila vita, alikaa kwenye meza ya mwalimu akaongeza ukurasa pale pale kwa mdomo, watoto wakimkosoa na mimi nikiandika. Ndio ukurasa wa mwisho mnaousoma leo.

Njiani kurudi, karibu na Garsen, Bi. Njeri akasema, "Nitajaribu." Alijaribu kweli. Kitabu kilipotoka, ng'ombe walikuwa na nundu, jalada la mbele lilikuwa na ndama peke yake, na yale maneno ya kipofu yalihamishiwa jalada la nyuma kwa herufi ndogo. Nilipomweleza Mwalimu, alicheka. "Wamenibeba mgongoni," akasema. "Si haba. Kutoka huko nitashuka mwenyewe." Kilipochapishwa tena, maneno hayo hayakuwapo.

Sasa niwaeleze kisa ambacho, kama mtasahau yote mengine, msikisahau. Bwana Salim alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi Kipini, na mimi ndiye niliyekuwa kaunta. Akaja mfugaji mmoja kutoka upande wa Bangale, Bwana Dhadho, amemshika mkono binti yake Amina. Macho ya mtoto yalikuwa yamepofuka kwa ugonjwa tangu utotoni. Alikuwa amepata nafasi katika shule ya wasioona huko bara. Mamake hataki aende, majirani wanasema mtoto kama huyo hukaa nyumbani, na Bwana Dhadho mwenyewe hakuwa na uhakika. Alikuwa amesikia kuna kipofu Garsen anayesoma.

"Mimi nataka kuona kwanza," akasema. "Nikimpeleka mtoto mbali hivyo, halafu ikawa ni maneno tu?"

Ilikuwa Jumanne, Mwalimu alikuwapo. Walisalimiana kwa Kiorma kwa muda mrefu, mifugo ikaulizwa habari mmoja mmoja, kisha Mwalimu akageukia Kiswahili ili nami nielewe. Akatandaza karatasi, akasoma. Bwana Dhadho akatikisa kichwa.

"Hii amehifadhi," akaniambia. "Hata watoto wa chuoni wanahifadhi Kurani."

Akachanganya karatasi kama karata, akachomoa moja katikati. Mwalimu akaisoma. Bwana Dhadho bado.

"Zote ni zake. Zote amehifadhi."

"Basi," Mwalimu akasema huku akiinuka, "mimi natoka nje. Wewe mwambie Dada Habona maneno yako, ayaandike kwa mashine yangu ya breli, siku hizi naiacha hapa. Hayo sitakuwa nimeyahifadhi."

Akatoka. Bwana Dhadho akatazama mlango, akainama kidogo upande wa mashine, akanong'ona sentensi yake. Nilimwuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Nikaandika.

Mwalimu akarudi, akaketi, akapitisha kidole. Kidole kikafika mwisho, kikasimama, kikarudi mwanzo. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Dada, haya ni maneno yako au ya mgeni?"

"Ya mgeni, Mwalimu. Wallahi."

Akasoma kwa sauti: "Tumbo la mwalimu huyu ni kubwa kuliko la fahali wangu."

Halafu kikasikika kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu waingie. Amina alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Baba! Umesema hivyo kweli?"

Bwana Dhadho hakujua atazame wapi. Mwalimu akamnyooshea mkono. "Fahali wako anaumwa," akasema. "Mpe chumvi, anenepe." Kisha akachukua kidole cha mtoto, akakiweka juu ya neno la kwanza. "Hili ndilo tumbo langu. Liguse polepole, lisishtuke."

Amina aligusa tumbo la Mwalimu kwenye karatasi mara nyingi sana mchana ule. Baba yake alisimama pembeni akamwangalia, na nilipompa kikombe cha chai kikapoa mkononi. Alipokuwa akiondoka hakusema atampeleka wala hatampeleka. Alichouliza ni kama huko bara kuna baridi, na mtoto atahitaji sweta ya namna gani.

Likizo yake ya kwanza, Amina alipitia maktaba akiwa na sweta hiyo hiyo katika joto la Garsen, hataki kuivua. Mwalimu na mimi tulikuwa tumemwandalia Ndama wa Upande wa Pili kwa breli, tumekipiga wenyewe kwa mashine, juzuu nene zenye kubebwa kwa gunia, maana breli hula karatasi nyingi. Akaondoka nazo kwenda nyumbani.

Kabla likizo haijaisha, Bwana Dhadho akarudi na gunia lile begani, peke yake, uso umekunjamana. Akalitua juu ya kaunta. Nikajua kuna jambo.

"Mama," akasema, "mtoto huyu nimfanye nini? Tukizima taa tulale, yeye ndiyo anaanza. Giza yote, yeye anasoma. Nikisema lala, anasema, Baba, umejuaje nasoma? Kwa sababu unasoma kwa sauti, mtoto!"

Mwalimu Guyo alikuwa ameketi pale pembeni. "Pole," akasema. "Unataka tukichukue kitabu?"

"Kichukue, ndiyo. Kimekwisha." Bwana Dhadho akashusha sauti. "Mama yake anasikiliza. Ndugu zake wanasikiliza. Jirani amehamisha kitanda karibu na ukuta wetu. Nataka kingine. Lakini si cha watoto. Mimi mtu mzima nimekaa gizani nangoja habari ya ndama, ni aibu. Sisi wakubwa hamna chetu?"

Hatukuwa nacho. Mwalimu alikuwa ameandika kile kimoja tu, na alikuwa akisema amechoka. Nilimwona akikuna kidevu.

"Huna haraka ya kurudi?" akamwuliza Bwana Dhadho.

"Niko na siku."

"Kaa. Niambie ng'ombe mlivyowateremsha mwaka ule wa ukame, kutoka Bangale mpaka chini kwenye nyasi za mdomoni mwa mto. Usifupishe. Dada Habona, tafadhali, karatasi."

Hivyo ndivyo kilivyoanza kile kitabu cha wakubwa mnachokiazimisha kila wiki. Bwana Dhadho alikuwa akija kila aliposhuka Garsen, anasomewa kurasa mpya, anakatiza kila baada ya mstari. "Hapana, ng'ombe hawanywi hivyo. Wa mbele anakunywa kidogo, anainua kichwa, ndiyo wengine wanaamini maji." Mwalimu ambaye hakukubali kukosolewa na Bwana Salim alikosolewa na mtu yule mwaka mzima akiwa anatabasamu. Amina alikisoma chote nyumbani kabla hakijachapishwa. Siku hizi anasomea ualimu, na namsikia Mwalimu akilalamika kwenye simu kwamba binti huyo anamtafutia makosa.

Sasa mmenistaafisha, na Mwalimu yuko katikati ya kitabu cha tatu. Anayo simu inayosema, lakini haipendi. Anasema sauti iliyomo hutamka "ng'ombe" kama mtu aliyekabwa koo. Anataka mtu. Wiki iliyopita tulisimama mahali pabaya: maji yanapanda, ndama na wazee wamekwisha kuvuka, na msichana anayechunga bado yuko upande ule na nusu ya kundi. Mwalimu akasema vidole vimechoka, akafunga. Nilimwuliza kama msichana atavuka, akakataa kuniambia, eti mimi si mfanyakazi tena.

Kwa hiyo nawaomba, mmoja wenu aketi kwenye kile kiti Jumanne. Na akishajua, anipigie simu.